“Tulikuwa Wengi” Si Jibu

Watu wanane wakimpiga mtu mmoja mpaka mkono wake ukavunjika, ni nani aliyeuvunja? Waulize wale wanane. Wa kwanza atasema alipiga mgongoni. Wa pili alipiga mara moja tu, tena kofi. Wa tatu alishika shati, hakupiga. Wa nne alipaza sauti ya “mwizi!” halafu akasimama kando. Ukiyaweka majibu yao yote pamoja, utakuta hakuna aliyeuvunja ule mkono. Lakini mkono umevunjika, na mwenye mkono hakujivunja mwenyewe.

Swali hili tumelizungumza na vijana wa kikundi chetu hapa Kakuma Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara tulifunga kikao watu wakiwa bado wanabishana njiani. Ndiyo sababu nimeamua kuliandika. Naandika kwa vijana wenzangu, kwa wazee wanaokaa kusikiliza kesi kwenye bloku, na pia kwa ndugu zetu wa mashirika, maana mara nyingi kesi inafika mezani kwao ikiwa tayari imeharibika.

Tulitunga kisa kutokana na mambo ambayo kila mtu hapa ameyaona au ameyasikia. Kijana anayejifunza ufundi cherehani anasingiziwa kwamba ameiba betri ya sola. Ni saa mbili usiku. Mmoja anapiga kelele, mmoja anamkamata, mmoja analeta kamba. Watatu wana fimbo. Mmoja anatumia mguu. Wa nane hagusi mtu, anawasha tochi ya simu na kurekodi video. Siku mbili baadaye betri inaonekana: mwenyewe alimwazima shemeji yake akasahau. Kijana mkono umevunjika, hawezi kushona miezi mitatu. Mama yake amekopa nauli ya kumpeleka Lodwar, amekopa pesa ya chakula cha huko, na siku zote hizo hakuuza mboga zake.

Wazee wanakaa. Wanahesabu hasara yote, wanapata shilingi 16,000. Wanaigawanya kwa watu wanane, kila mmoja 2,000. Watu wanasema hapo haki imetendeka, na mikono wanapeana. Siku ya malipo inafika. Watatu wanaleta zao. Mmoja ameshakwenda Nairobi. Mmoja safari yake ya kuhamia nchi ya tatu imetoka, ameondoka na ndege. Watatu waliobaki wanasema hawana kitu, tena mmoja anaongeza, “Mimi nilipiga mara moja tu.” Mama anapokea 6,000.

Hapo niliwauliza vijana: zile 10,000 zilizobaki, nani amezilipa? Karibu wote walijibu, “Hakuna.” Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Mama ndiye amezilipa.” Kikao kikanyamaza kidogo. Alikuwa amesema kweli. Hasara haipotei hewani kwa sababu mtu amekataa kuibeba. Kama waliopiga hawakuibeba, basi ameibeba aliyepigwa.

Kwa hiyo mimi naona swali letu halikuwa la hesabu. Makosa si unga wa mgao, kwamba unaupima kwa kikombe, kila mtu akabeba fungu lake akaenda nyumbani. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili. Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaitumia kusifu ushirikiano: kuchimba mtaro pamoja, kumjengea mjane nyumba. Lakini igeuze uone upande wa pili. Kama kidole kimoja hakivunji chawa, basi chawa akivunjika, hakuna kidole kinachoweza kusema “mimi sikuhusika.” Tunasema pia haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kupiga mara moja tu alitia haba yake. Kibaba kilipojaa, hawezi kusema kilijaa chenyewe. Huwezi kuutaka umoja siku ya sifa ukaukana siku ya kesi.

Sheria ya nchi hii inayotuhifadhi inafikiri karibu vivyo hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 20, inamhesabu kuwa mkosaji si yule tu aliyetenda kwa mkono wake, bali pia aliyemsaidia na aliyemchochea. Kifungu cha 21 kinakwenda mbali zaidi. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likatokea kosa ambalo lilitegemewa kutokea katika jambo la namna hiyo, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda kosa hilo. Tanzania na Uganda nazo zina vifungu vinavyofanana na hivi katika sheria zao.

Vijana wakauliza, “Lakini sisi hatukupanga. Tulisikia kelele tukakimbia. Nia ya pamoja inatoka wapi?” Ni swali zuri, na lina umri mkubwa kuliko sisi wote. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya watu waliompiga mtu aliyeitwa mwizi. Majaji walisema si lazima watu wawe wamekaa wakapatana kabla. Nia ya pamoja inaweza kuonekana katika mambo matatu: kwamba ulikuwepo, vile ulivyotenda, na kwamba hukujitenga na kipigo kile. Angalia hilo la tatu. Nia ya pamoja inaweza kuzaliwa palepale, kwa dakika moja, kama moto wa nyasi. Na mlango wa kutoka upo wazi kwa dakika hiyohiyo.

Sasa tuje kwa yule wa simu. Hapa ndipo tulipobishana zaidi. Wengine walisema kurekodi si kupiga, na huenda video ikasaidia polisi kuwajua waliopiga. Wengine wakasema yeye ndiye aliyewamulikia. Kijana mmoja wa kwaya akatukumbusha habari za Stefano katika Matendo ya Mitume. Waliompiga Stefano kwa mawe walivua mavazi yao wakayaweka miguuni pa kijana aliyeitwa Sauli. Sauli hakurusha jiwe hata moja. Alikaa na nguo. Lakini baadaye, alipokuwa Paulo, yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amesimama pale, amekubali, na alitunza nguo za wauaji. Hakusema “nilikuwa natazama tu.” Alijua kwamba mtu akikutunzia nguo, mkono wako unapata nafasi ya kurusha vizuri zaidi.

Mimi napima hivi: ukiondoa kitendo cha huyu mtu, je, kile kipigo kingekuwa chepesi zaidi, au kigumu zaidi kufanyika? Aliyemulika tochi ili waone pa kupiga, huyo ametia haba. Aliyerekodi kwa mbali ili apeleke ushahidi, huyo hakutia. Na aliyekuwa amelala nyumbani kwake asisikie lolote, huyo hayumo kabisa, hata kama ni wa kabila moja na waliopiga. Hili la mwisho nitalirudia, maana ni zito.

Kuna ugumu mwingine: wakati mwingine mtu mmoja tu ndiye aliyesababisha, ila hatujui ni yupi. Fimbo zilikuwa tatu, mfupa ulivunjwa na pigo moja. Korti ya juu ya jimbo la California, Marekani, ilikutana na jambo hili mwaka 1948, katika kesi inayoitwa Summers v. Tice. Watu watatu walikwenda kuwinda ndege. Wawili walifyatua bunduki kwa wakati mmoja kuelekea upande aliposimama mwenzao, naye akapigwa jichoni na mdomoni. Bunduki zilifanana, risasi zilifanana, na hakuna aliyeweza kuthibitisha ile ya jichoni ilitoka kwa nani. Kwa kawaida anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, kwa hiyo mtu yule aliyeumia jicho angerudi nyumbani mikono mitupu. Korti ilikataa. Ilisema wote wawili walifanya uzembe kwa kufyatua kuelekea kwa mwenzao, basi mzigo wa kuthibitisha uhamie kwao. Anayesema “si mimi” aonyeshe kwamba si yeye. Akishindwa, wote wawili wanawajibika.

Naipenda hoja hiyo, lakini si kwa sababu imetoka Marekani. Hata mama wa nyumbani anaitumia. Watoto wawili wakirusha mawe na sufuria ikatoboka, mama hapotezi mchana kutafuta jiwe la nani. Giza la kutojua limeletwa na waliorusha. Si haki giza hilo limfaidi aliyelileta na kumwumiza aliyeumizwa.

Basi niseme wazi ninachoamini. Mtu aliyeumizwa na wengi anadai deni zima, na anaweza kulidai kwa yeyote kati yao. Akilipwa lote, hadai tena. Baada ya hapo, wale wengi wagawane wenyewe kwa wenyewe: aliyeanzisha azidishiwe, aliyeshika shati apunguziwe, aliyelipa kwa ajili ya wenzake awadai wenzake. Kwa nje deni ni zima, na kugawanya ni mambo ya ndani ya kundi. Hili nalo si jipya. Kenya ina Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo inamruhusu aliyelipa fidia ya kosa la pamoja kuwadai wakosaji wenzake mchango wao. Kosa la wazee katika kisa chetu si kwamba waligawanya. Walianza kugawanya kabla mama hajalipwa.

Najua pingamizi lake, na ni pingamizi la kweli. Katika wale wanane, mmoja anafanya kazi kwenye shirika na kupata posho kila mwezi. Ukisema mama anaweza kudai lote kwa yeyote, atakwenda kwa huyo. Atalipa 16,000 kwa kipigo kimoja, na wenye fimbo nzito watacheka. Mwingine ana kaka Australia anayemtumia pesa, basi kila kesi ya bloku itatafuta mlango wake. Hapa kambini tunajua jinsi mtu mwenye kitu kidogo anavyoonekana tajiri. Je, hii ni haki, au ni kumkamua ng’ombe anayepatikana?

Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba huyo mwenye posho kweli anaonewa, lakini anaonewa na wenzake. Lazima mtu fulani amtafute yule aliyekimbilia Nairobi. Lazima mtu fulani avumilie yule asiye na kitu. Swali ni nani afanye kazi hiyo: mama mwenye mtoto mgonjwa, au mmoja wa wale waliosimama pamoja usiku ule? Mwenye posho alijua anapiga na nani, na kama aliwaamini kushika fimbo pamoja naye, awaamini pia kwenye deni. Mama hakuchagua yeyote kati yao. Hata hivyo wazee wana wajibu kwake pia. Wasimwache peke yake akawadai wenzake kama mwehu anayezunguka bloku. Waandike deni la kila mmoja, wamsaidie kulidai, hata likichukua mwaka.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani, Kongo. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, huko Ituri, kilishambuliwa na wanamgambo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague iliwafikisha mbele yake watu wawili. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa Desemba 2012, maana ushahidi haukutosha. Germain Katanga alitiwa hatiani Machi 2014, lakini kama mtu aliyechangia uhalifu wa kundi, siyo kama mtendaji mkuu. Alipewa miaka 12. Ilipofika fidia, Machi 2017, majaji walikadiria madhara ya waathirika 297 kuwa zaidi ya dola milioni 3.7. Lakini walisema Katanga awajibike kwa dola milioni 1, kwa kulinganisha na sehemu aliyoshiriki. Na kwa kuwa hakuwa na mali, Mfuko wa Waathirika ndio uliojitolea kutoa fedha hizo. Kila mwathirika alipangiwa dola 250 kama alama ya kutambuliwa, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, masomo, kazi za kujipatia kipato na matibabu ya kisaikolojia.

Kumbe mahakama kubwa kama ile ilipima kwa fungu. Je, imenipinga? Kwa upande mmoja, ndiyo, na ninaelewa sababu: ni vigumu kumbebesha mtu mmoja kijiji kizima wakati walioshambulia walikuwa wengi na hawako kortini. Lakini uliza lile swali la msichana wetu. Zile dola milioni mbili na zaidi zilizobaki, nani amezibeba? Watu wa Bogoro. Wamezibeba kwenye nyumba zisizojengwa na watoto wasiosoma. Kesi hiyo imenifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya. Adhabu inamtazama aliyetenda, na lazima ipimwe kwa kila mmoja: huyu miaka 12, huyu aachiliwe. Fidia inamtazama aliyeumia, na kidonda chake hakipungui kwa kuwa waliomjeruhi walikuwa wengi. Ni halali kusema “mimi nifungwe miezi michache kuliko yule.” Si halali kusema “mimi nimtibu kidole kimoja tu.”

Majirani zetu Wasomali wana njia nyingine, na inafaa tuitazame kwa heshima. Ni diya. Mtu wa ukoo akiua au akijeruhi, ukoo wake unachanga na kulipa, hata wale ambao hawakuwepo. Faida yake ni kubwa: aliyeumizwa hahangaiki na mtu mmoja maskini, na ukoo una sababu ya kuwatuliza vijana wake mapema, maana ugomvi wao utalipwa na ngamia wa wote. Ubaya wake ni kwamba mkosaji anaweza kujificha nyuma ya mfuko wa wengine asisikie uchungu wowote, na familia zikapatana juu ya kichwa cha mtu aliyeumia, hasa akiwa msichana. Lakini tuangalie jambo moja. Watu wa ukoo ule wamefungana wenyewe kubebana. Kuchangia deni la ndugu yako hakukufanyi uwe mkosaji.

Hapo ndipo narudi kwenye lile zito. Kuna methali nyingine tunayoipenda: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hiyo mimi naikataa. Sisi wakimbizi tumeila methali hiyo mara nyingi mno. Mtu mmoja akiiba, “Wakongo ni wezi.” Mmoja akishukiwa, “Wasomali ni magaidi.” Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga kambi ya Dadaab kwa sababu za usalama. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema uamuzi huo unavunja katiba, na moja ya sababu ni kwamba ulilenga kundi zima kwa ajili ya makosa ya watu binafsi. Mamia ya maelfu ya watu hawawezi kuwa mshtakiwa mmoja.

Kuna wanaodhani kwamba ukisema “wote wanane wanawajibika” umefungua mlango wa kusema “wote wa kabila lile wanawajibika.” Ni kinyume. Wale wanane wanawajibika kwa sababu tunaweza kusema kila mmoja alifanya nini: huyu kamba, huyu fimbo, huyu tochi. Kabila zima haliwezi kuulizwa “ulishika nini?” Pale ambapo huwezi kumuuliza mtu swali hilo, hakuna kesi ya pamoja, kuna chuki tu. Na kwa sababu sisi tumeumizwa na lawama ya jumla, ndiyo maana tunatakiwa kuwa wakali zaidi kwenye lawama ya haki. Tukiwaacha wanane wajifiche ndani ya umati, watu wa nje watalaumu umati wote.

Kwa wazee, ombi langu ni dogo. Kesi kama hizi zikija, anzeni na aliyeumia: anahitaji nini, kiasi gani, lini. Wale waliotenda watie sahihi kwamba deni lote ni la wote. Kisha mgawanye. Na mtu akivunjika mfupa au akipoteza uhai, hiyo si kesi ya mkeka. Ipelekeni polisi, nanyi mbaki mkisaidia upande wa fidia na amani. Kwa ndugu wa mashirika: mnapouliza “nani amefanya,” msikubali jibu la “jamii.” Jamii haina mkono. Ulizeni majina, ulizeni vitendo, na mumuulize aliyepigwa bado anadai nini.

Kwa vijana wenzangu, nakumbusha lile neno la 1943: kujitenga. Ukifika mahali mtu anapigwa, una muda mfupi sana wa kuamua wewe ni nani katika jambo lile. Dondosha fimbo. Sema kwa sauti, “Mimi simo, mwacheni,” ili watu wasikie. Kimbia kwa walinzi wa amani wa bloku, au umwite mzee aliye karibu. Labda watakucheka. Labda hawataacha. Lakini wewe hutakuwa na haba yako kwenye kile kibaba, na pengine sauti moja ikisikika, ya pili itapatikana.

Katika kikundi chetu bado hatujakubaliana kuhusu mwenye posho. Wapo wanaosema nimemwonea, na wana hoja. Kama nawe unaona hivyo, andika, toleo lijalo lipo.